Barua ilipigwa fimbo, ng'ombe wakapigiwa vigelegele

Leo sina siasa za Dodoma wala matokeo ya mpira. Nina dukuduku limekaa kifuani tangu mwaka 2017, na juzi nilipokwenda nyumbani Buhare likapanda mpaka kooni. Nimeona nilitoe. Atakayekasirika akasirike, mradi asome mpaka mwisho.

Aliyenichokoza ni mzee mmoja, jirani yetu. Tulikuwa tumekaa kibarazani, jua linazama upande wa ziwa, wanafunzi wa sekondari wanarudi makwao. Wakapita wawili, mvulana na msichana, kila mmoja na begi lake mgongoni, wanabishana kuhusu swali la hesabu. Hawakushikana mikono, hawakufanya lolote. Mzee akatema mate pembeni. "Hawa wameshaharibika," akasema. "Mura, zamani zetu hawa wangekula fimbo hapa hapa barabarani." Watu wazima wote pale wakaitikia.

Haya. Haikupita saa moja, mzee huyo huyo akaanza kutusimulia kwa furaha jinsi mpwa wake, mwanamume wa miaka 40 na kitu, anavyotafuta mke wa pili. Anataka "kabinti kadogo, ambako hakajaona dunia". Watu wale wale wakaitikia tena. Safari hii hakuna aliyetema mate.

Ndugu zangu, hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu, na leo nataka niuseme bila kuzunguka. Tunawawinda vijana wawili wa rika moja wanaopendana kwa kujuana, halafu tunamfungulia mlango mwanamume mwenye fedha asiyemjua binti hata jina lake la pili. Fimbo zetu hazijawahi kuzuia mapenzi. Zinachozuia ni ukweli. Na ukweli ukishakimbia, anayebaki uwanjani ni mwenye ng'ombe.

Najua ninachokisema kwa sababu yalinikuta. Na mtaona kwamba katika kisa hiki mimi siyo shujaa.

Tulikua pamoja pale Buhare. Jina lake silitaji, ana watoto wake sasa. Tulianza urafiki darasa la tatu, kwa ugomvi wa penseli, tukaendelea nao mpaka sekondari. Yeye alikuwa mkali wa kemia na hesabu, mimi nilikuwa mkali wa maneno. Alinifundisha jinsi ya kusawazisha milinganyo, nami nikamwandikia insha zake mpaka mwalimu akashtuka. Likizo tulikuwa tunasomea juu ya mwamba mmoja nyuma ya nyumba yetu, maana Musoma ukikosa kiti huwezi kukosa jiwe. Mbele ya macho ya kila mtu. Mama anapita na ndoo, wadogo zangu wanacheza chini, kuku wanaparua.

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyeona kwanza. Wenyewe mnajua utani wa bibi na mjukuu: mimi alikuwa akiniita mume wangu, sasa yeye akaanza kumwita mke mwenza. "Mke mwenzangu, leo umemletea nini mume wetu?" Tunacheka, tunaendelea na vitabu. Lakini siku moja bibi aliacha utani, akamwambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Mwanamume asiyeweza kukutaja mchana mbele za watu, usimfuate usiku." Akaendelea kuchambua dagaa wake kama vile hakusema kitu.

Urafiki uligeuka lini? Likizo ya Desemba 2016, tukiwa kidato cha sita, wote tumeshatimiza miaka 19. Alikwenda Bunda kwa mama yake mkubwa kwa wiki moja. Siku ya pili nikapata jibu la swali la fizikia lililokuwa limetushinda, nikainuka mbio niende kwao, nikakumbuka hayupo. Nikakaa tena juu ya jiwe. Jibu lilikuwa sahihi kabisa lakini halikuwa na utamu wowote. Aliporudi nikashindwa hata kumsalimia vizuri. Akaniuliza, "Mbona umekuwa mgeni?" Sikujibu, na yeye hakuuliza tena, ila tangu siku ile tulijua wote wawili.

Tuliporudi shule, ambayo ilikuwa bweni la mchanganyiko mbali na Musoma (nayo siitaji), tulianza kuandikiana barua. Mimi niliandika tatu. Yeye aliandika zaidi. Msifikiri ni mambo ya ajabu. Barua iliyotuponza ilikuwa na ukurasa mzima wa kemia, na chini kabisa mstari mmoja: tukimaliza mtihani, usinisahau. Basi. Ilianguka kutoka kwenye daftari langu mwezi wa tatu mwaka 2017, ikaokotwa, ikafika kwa mwalimu wa nidhamu.

Kesho yake paredi ya asubuhi ilisimamishwa. Barua ikasomwa kwa sauti, pamoja na ile kemia yote, shule nzima inaangua kicheko. Aliyeandika ajitokeze. Akajitokeza. Hakusitasita hata kidogo, alitembea mpaka mbele akasimama wima. Aliyeandikiwa naye ajitokeze. Nikajikokota. Mwalimu akaniuliza kama nimewahi kumjibu.

Nikasema, "Hapana, mwalimu. Yeye ndiye ananisumbua."

Sasa someni tena lile neno la bibi.

Yeye alichapwa fimbo tisa, na aliyezichapa alikuwa mwanamume. Mimi nilichapwa nne. Kanuni za viboko mashuleni zinasema visizidi vinne, na binti achapwe na mwalimu wa kike akiwepo. Walimu wa kike walikuwepo, wamesimama kwenye mstari, wanatazama. Mimi nikasimamishwa masomo siku 21. Yeye akaambiwa mzazi aje achukue vitu vyake. Mtihani wa mwisho ulikuwa mwezi wa tano.

Baba yake alipata aibu, na aibu ya baba kwetu ina bei. Binti hakupelekwa shule nyingine, mtihani hakufanya. Kabla mwaka haujaisha walikuja watu na ng'ombe kumi na mbili. Muoaji alikuwa mfanyabiashara wa mifugo anayekaribiana umri na baba mkwe wake, na nyumbani tayari ana mke. Mimi nilikuwa JKT, dada yangu ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Niliuliza kama kuna mtu yeyote aliyemuuliza yule bwana anampendea nini binti wa watu. Dada akacheka: "Wewe nawe! Nani atauliza ng'ombe?"

Jamani, tutulie hapo. Mstari mmoja wa maneno kutoka kwa rafiki wa miaka mingi ulistahili paredi, fimbo tisa na kufukuzwa. Ng'ombe kumi na mbili kutoka kwa mtu mgeni walistahili pilau. Haya ndiyo maadili tunayoyalinda?

Na msidhani ni ukoo mmoja pale Buhare. Sheria zetu zenyewe zimekaa hivyo hivyo miaka mingi. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 ziliweka "kosa la maadili" kuwa sababu ya kufukuza, neno pana kama ziwa, unaweza kulivulia chochote, hata barua. Wakati huo huo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa afikishe 18. Ilibidi Rebeca Gyumi aende mahakamani. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa! Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo tarehe 23 Oktoba 2019. Hebu fikirini: miaka mitatu ya kubishana kama binti wa miaka 15 anaweza kuwa mke, katika nchi ambayo binti wa miaka 19 anafukuzwa kwa kuandika "usinisahau".

Mwaka huo huo wa 2016 Bunge lilibadili Sheria ya Elimu, na atakayempa mimba mwanafunzi akawekewa miaka 30 jela. Mimi siwezi kumlilia njemba wa miaka 45 anayewavizia watoto wa shule kwa chipsi na vocha, akafungwe. Lakini sheria ile haimtenganishi njemba huyo na mwanafunzi mwenzake binti, wa miaka 19 kama yeye. Na mnajua wenyewe nani mwenye wakili, nani mwenye uwezo wa kuhama mkoa, na nani mwenye ng'ombe wa kumalizana na wazazi kabla kesi haijafika polisi.

Na binti? Binti analipa kila mara. Tarehe 22 Juni 2017, miezi mitatu baada ya paredi yetu, Rais Magufuli alitamka akiwa Chalinze kwamba mwanafunzi akishazaa harudi tena shuleni. Kuwafukuza kulikuwa kukifanyika miaka mingi kabla yake, ila pale ikapata sauti ya rais. Mpaka tarehe 24 Novemba 2021 ndipo Profesa Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, alipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Hesabuni wenyewe ni mabinti wangapi walipita katikati ya tarehe hizo mbili.

Najua mtaniambia nini. "Wewe kijana unataka watoto wafanye umalaya shuleni." Hapana, na naomba nieleweke vizuri. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, sheria inamlinda na imlinde kweli kweli. Mwanafunzi kazi yake ni kusoma. Shule ina haki ya kuweka taratibu, mabweni yafungwe, saa za kusoma ziheshimiwe. Sibishani na hayo. Nabishana na hii imani yetu kwamba ukimpiga kijana akiwa anapenda, ataacha kupenda na atabaki salama.

Hiyo imani imeshajaribiwa. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta mabinti 27 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Ule wa mwaka 2022 ukakuta 22. Nafuu imekuja, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano, katika nchi ambayo fimbo hazijawahi kuadimika. Kama fimbo ingekuwa kinga, sisi tungekuwa tunauza kinga hiyo nje ya nchi.

Wala siyo jambo jipya. Ng'ambo ya maji haya haya, kisiwani Ukerewe, alizaliwa Euphrase Kezilahabi, na mwaka 1971 akatoa riwaya ya Rosa Mistika. Baba yake Rosa, Zakaria, anampiga binti yake kinyama kwa ajili ya barua ya mvulana. Rosa anaogopa wavulana, anafungiwa, halafu anapopata uhuru hajui aushike wapi, na watu wazima wenye vyeo wanamtumia mpaka anaangamia. Nchi ilifanya nini na kitabu hicho? Ikakipiga marufuku mashuleni! Ni miaka baadaye tu ndipo kikarudi na kusomwa darasani. Zaidi ya nusu karne imepita tangu mwandishi wetu wa kanda ya ziwa atueleze kinachotokea, na wakina Zakaria bado wamekaa vibarazani wanatema mate.

Wengine mtajificha nyuma ya mila. "Sisi watu wa Mara ndivyo tulivyo." Sawa, twendeni kwenye mila basi, tena kwa mtu ambaye hakuna wa Mara atakayemkana. Julius Nyerere wa Butiama, mtoto wa chifu, aliandika insha akiwa mwanafunzi Makerere miaka ya 1940 kuhusu jinsi wanawake wa kwao, Wazanaki, wanavyonyimwa haki. Aliandika akiwa kijana, kabla ya TANU, kabla ya kuwa mtu yeyote. Na ilipofika zamu yake mwenyewe, alimchumbia Maria, mwalimu kijana wa pale Nyegina, si mbali na Buhare. Mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh. Maria akabaki akiwa mchumba anayejulikana. Nyerere akarudi mwaka 1952, na Januari 1953 wakafunga ndoa Musoma.

Sisemi ilikuwa hadithi ya vijana wawili juu ya mwamba, Mwalimu alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Nasema kitu kimoja tu: ulikuwa uchumba wa mchana. Ulikuwa na jina, watu waliujua, ungeweza kuulizwa na ukajibu. Ndiyo maana ulivumilia miaka mitatu na bahari mbili katikati. Mapenzi yanayoruhusiwa kuonekana yanaweza kuambiwa "subirini". Yanayowindwa hayasubiri, yanakimbilia gizani, na gizani hakuna bibi wa kukuambia neno.

Kwa hiyo nataka nini? Nataka mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya Serikali.

Wazazi, ongeeni. Mkimwona kijana wenu ana rafiki, mkaribisheni akae mahali mnapomwona. Mama aliyekuwa akipita na ndoo karibu na ule mwamba alitulinda kuliko mwalimu wa nidhamu yeyote. Na akija mwenye ng'ombe, muulizeni maswali yale yale mnayomuuliza kijana mwenye daftari: unamjua tangu lini, unampendea nini, yeye mwenyewe amesemaje?

Walimu, tenganisheni barua na kosa. Mwiteni kijana ofisini, mwiteni na mzazi wake, mwambieni ukweli kuhusu mimba, maradhi na mtihani ulio mbele yake. Kumsomea mtu moyo wake mbele ya vijana mia sita hakumfundishi maadili. Kunamfundisha kukana. Mimi nilifaulu somo hilo siku ile ile.

Na ninyi vijana wenzangu wa kiume, msijifiche nyuma ya makala hii. Mwalimu alishika fimbo na baba akapokea ng'ombe, lakini ule uongo niliusema mimi, kwa mdomo wangu. Ukiwa na miaka 19 huna nguvu ya kuizuia fimbo, sawa. Nguvu ya kusema "na mimi niliandika" unayo. Sikuitumia.

Nimalizie na juzi. Buhare, kama mnavyojua, kuna chuo cha maendeleo ya jamii. Nilikuwa napita getini mchana, wanafunzi wanatoka, nikasikia mtu ananiita kwa jina langu la utotoni. Alikuwa yeye. Amevaa gauni la kitenge, kabeba faili. Aliachana na yule bwana miaka kadhaa iliyopita, akarudi kwa mama yake na watoto wawili, akaomba nafasi chuoni kwa vyeti vyake vya kidato cha nne. Anasoma jinsi ya kukaa na wazazi vijijini wazungumzie mabinti wao. Akaniambia hivyo huku anacheka.

Nilitaka kuomba msamaha, nikaanza kujiumauma. Akanikatiza.

"Barua zako tatu ninazo mpaka leo," akasema. "Siku ile ya paredi zilikuwa kwenye sanduku langu bwenini."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuzitoa. Zingemwonyesha mwalimu kwamba mimi ni mwongo, na labda na yeye angepewa siku zake 21 akarudi kufanya mtihani.

"Wangekuchapa na wewe tisa," akasema. "Nami nilikuwa nimekupenda."

Akaitazama saa yake, akaniaga, akawahi bodaboda. Akaniambia nimsalimie mke mwenzake. Bibi yangu hayupo tena duniani, lakini nilishindwa kumwambia.

Mzee wa kibarazani, kama kuna mjukuu wako anayekusomea haya, naomba umwambie arudie hapo kwenye barua tatu. Halafu uniambie, kati ya binti yule na sisi sote tuliomhukumu, nani aliyekuwa na maadili.